Namba ya forodha ya kamba, kaa na pweza waliogandishwa

Kabla ya kufungua kitabu cha tarifa (orodha ya namba za bidhaa na ushuru wake), jua mambo mawili: ni mnyama gani, na amefanyiwa nini. Dai jina la kisayansi kwenye ankara, maana majina ya sokoni huchanganya. Kambakochi wa pwani yetu (Panulirus) ni 0306.11; wengi humweka 0306.12, ambayo ni ya Homarus, yule mwenye makucha makubwa. Kamba wa jamii ya Penaeus ni 0306.17, kwani 0306.16 ni ya kamba wa bahari zenye baridi, Pandalus na Crangon crangon. Kaa 0306.14, ngisi 0307.43, pweza 0307.52.

Makosa makubwa yako kwenye upishi. Kamba aliyechemshwa kwa maji au kwa mvuke akiwa na gamba lake hubaki fungu la 0306. Akiwa amemenywa na ameiva, anahamia 1605, fungu la walioandaliwa au kuhifadhiwa, na ushuru unaweza kubadilika kabisa. Aliyepakwa chenga za mkate pia ni 1605, hata akiwa mbichi. Pweza hana msamaha huo wa gamba: akipikwa akaiva ni 1605.55.

Kwa hiyo kiwanda kiandike wazi: mbichi au ameiva, na gamba au bila gamba. Neno "amesafishwa" halimwambii ofisa wa forodha chochote. Tarifa ya Afrika Mashariki hutaka tarakimu 8, basi usiishie kwenye sita.