Namna ya Kuongoza Idara ya Wahifadhi katika Makumbusho ya Sanaa

Mhifadhi, mtaalamu anayechagua na kusimamia kazi za makumbusho, akipandishwa cheo na kuwa mkuu wa idara hubaini upesi kwamba ujuzi uliompandisha, yaani jicho la kutambua kazi nzuri na uzoefu wa kuiandikia, sasa ni sehemu ndogo tu ya majukumu yake. Kuanzia siku hiyo kazi yake kubwa ni kupokea mapendekezo ya wengine, iwe ni kununua sanamu, kupokea zawadi, kuazimisha mchoro au kufungua maonyesho, na nyuma ya kila pendekezo yupo mtu anayelipigania. Anachotakiwa kufanya ni kuamua, kisha kuandika sababu za uamuzi huo kwa namna ambayo atakayeshika nafasi yake miaka thelathini baadaye ataweza kuzifuata kutoka kwenye faili peke yake.

Hatua ya kwanza ni kuisoma sera ya makusanyo, na kuisoma kwa ukali. Sera inayosema kwamba makumbusho hukusanya kazi bora za nyakati zote haina msaada wowote, kwa sababu haimkatazi mtu lolote. Sera yenye manufaa hutaja enzi, maeneo na aina za kazi zinazotafutwa, hutaja pia mapengo yaliyopo, na inasema waziwazi ni vitu gani havitapokelewa hata vikitolewa bure. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kitakachokuokoa mara nyingi zaidi, kwa kuwa zawadi husumbua kuliko ununuzi. Mfadhili hutoa michoro ishirini ambayo miwili tu ndiyo inayohitajika, kisha anaweka sharti kwamba yote ioneshwe pamoja daima katika chumba chenye jina lake. Sharti la kudumu la namna hiyo linafaa kukataliwa kwa adabu na mapema, kabla mazungumzo hayajafika kwa mkurugenzi, maana kila kazi inayoingia ghalani itadai nafasi, bima na ukaguzi kwa muda wote ambao makumbusho yatakuwapo.

Jambo linalostahili muda wako mwingi kuliko yote ni historia ya umiliki wa kila kazi inayopendekezwa. Usitosheke na jina la muuzaji wa sasa. Taka mlolongo wa wamiliki tangu kazi ilipotengenezwa au ilipofukuliwa, pamoja na hati inayothibitisha kila hatua: risiti, barua, picha ya zamani, katalogi ya mnada, kibali cha kusafirisha nje ya nchi. Kuna vipindi viwili ambavyo pengo lake halipaswi kupita hivi hivi. Cha kwanza ni miaka ya utawala wa Wanazi, kuanzia 1933 hadi 1945, ambapo Wayahudi wengi wa Ulaya walinyang'anywa kazi zao au kulazimishwa kuziuza. Mwaka 1998 mataifa kadhaa yalikubaliana mjini Washington juu ya kanuni za kuzitafuta kazi hizo na kufikia suluhisho la haki na wenyewe au warithi wao. Cha pili ni kipindi kinachofuata Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni. Kwa mambo ya kale, makumbusho mengi sasa hudai ushahidi kwamba kitu kilikuwa kimeondoka nchi yake ya asili kabla ya mwaka huo, au kwamba kiliondoka baadaye kwa kibali halali.

Hata hivyo, hati peke yake haitoshi, na hapa ndipo wakuu wengi wenye nia njema huteleza. Mwaka 2017 Metropolitan Museum of Art ya New York ilinunua jeneza la Misri lililonakshiwa kwa dhahabu, la kuhani Nedjemankh, kwa takriban dola milioni 4. Jeneza hilo lilikuwa na kibali cha kusafirishwa nje chenye tarehe ya mwaka 1971, lakini uchunguzi ulionesha kwamba kibali kilighushiwa na kwamba jeneza liliibwa mwaka 2011. Maonyesho yaliyojengwa juu yake yalifungwa kabla ya wakati, na mwaka 2019 likarudishwa Misri. Makumbusho hayo hayo yalikuwa yamekwisha kuonja uchungu huo: chombo cha Kigiriki kilichochorwa na Euphronios, kilichonunuliwa mwaka 1972 kwa takriban dola milioni moja, kilirudishwa Italia mwaka 2008. Kwa hiyo, iandikie mamlaka iliyotajwa kwenye kibali na uiulize kama inakitambua. Chunguza kama muhuri, lugha na cheo cha aliyesaini vinalingana na serikali iliyokuwapo tarehe hiyo. Kumbuka pia kwamba kazi kutokuwamo katika hifadhidata za vitu vilivyoibwa hakuthibitishi usafi wake, kwani kitu kilichofukuliwa kwa siri hakijawahi kupigwa picha wala kuorodheshwa na yeyote.

Kanuni moja ya utaratibu husaidia kuliko mahubiri yote: anayependekeza kazi asiwe yeye anayethibitisha historia yake. Mhifadhi aliyekwisha kuipenda kazi hulisoma pengo la miaka arobaini kama jambo dogo. Mpe faili hilo mwenzake au msajili, yaani mtunza kumbukumbu za kazi, na maoni yake yafike kwenye kamati ya ununuzi yakiwa yameandikwa, hata kama yanapinga. Katika kamati hiyo kila mjumbe atangaze maslahi yake, na wahifadhi wenyewe wasinunue kwa ajili yao vitu vya aina ile ile ambayo idara inakusanya bila kwanza kutoa taarifa kwa maandishi; kanuni za maadili za ICOM, shirika la kimataifa la makumbusho, zinaeleza wazi kwamba mtumishi hapaswi kushindana na makumbusho yake.

Ratiba ya maonyesho yafaa ipangwe miaka mitatu hivi mbele, hasa pale kazi nyingi zinapoazimwa. Wakaribishe wakarabati wa kazi za sanaa na msajili kwenye kikao cha kwanza kabisa, wala si baada ya orodha ya kazi kukamilika, kwa sababu wao ndio wanaojua ni kazi ipi haiwezi kusafiri na ipi imekwisha kutumia kiasi chake cha mwanga. Kazi za karatasi na nguo kwa kawaida huoneshwa chini ya mwanga wa lux 50 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), na michoro ya rangi za mafuta karibu lux 200, lakini namba hizo huwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Madhara ya mwanga hujilimbikiza: mchoro wa karatasi uliooneshwa wiki sita kwa lux 100 umepokea sawa na ule uliokaa wiki kumi na mbili kwa lux 50, na rangi iliyopauka hairudi. Tunza daftari la muda ambao kila kazi nyepesi kudhurika imekaa ukutani, kisha ulitumie kukataa maombi, yakiwamo ya mkurugenzi.

Kuhusu watumishi, kuna mawili tu ya kusisitiza. Usijitwalie maonyesho makubwa kila mwaka, maana idara ambayo mkuu wake hung'ara peke yake hupoteza vijana wake bora. Pia uulinde muda wa utafiti kwa kuuweka kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote, kwani usipofanya hivyo utamezwa na vikao.

Linabaki suala la kuondoa kazi kwenye makusanyo, ambalo bodi huliona kuwa la fedha na wewe huna budi kulisimamia kama suala la makusanyo. Mwaka 2014 Delaware Art Museum ya Marekani iliuza mchoro wa William Holman Hunt ili kulipa deni, na chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa kikawataka wanachama wake wasiiazimishe kazi wala kushirikiana nayo katika maonyesho. Ili usifikishwe huko, andika utaratibu wakati hakuna shinikizo la fedha: sababu zinazokubalika, kama vile nakala pacha au kazi isiyohusiana na sera, ukaguzi wa masharti ya mtoaji, maoni ya mtaalamu wa nje, na kifungu kinachozuia mapato kutumika kwa mishahara, madeni au ukarabati wa jengo. Namba ya usajili ya kazi iliyoondolewa isipewe kazi nyingine kamwe, na faili lake libaki kabatini pamoja na picha zake, kwa kuwa watafiti na warithi wa mtoaji wataendelea kuja kuiulizia.