Mnakwenda Paris mara ya kwanza? Someni hili kabla ya kufunga begi

Pasipoti ziwe zimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na zibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku mtakayotoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza mnaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, basi msingoje zibaki siku 15 ndipo mkimbizane na fomu. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000, kila mtu na cheti chake. Soketi za Ufaransa ni za matundu mawili ya duara, chaja zetu za pini tatu haziingii; adapta nunueni huku nyumbani, uwanja wa ndege mtauziwa kwa bei ya kuruka.

Kama mna siku tatu nne tu, angalieni kalenda. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu. Tiketi za kupanda mnara wa Eiffel nunueni mtandaoni mapema, la sivyo mtaimaliza asubuhi kwenye foleni.

Sasa jambo ambalo wanandoa wengi hulipuuza: kila mtu abebe vyake. Tumezoea baba ndiye abebe kila kitu. Pasipoti mbili mfukoni mwake, kadi ya benki yake, laini yenye bando kwenye simu yake, hata jina la hoteli analijua yeye peke yake. Dada yangu na shemeji walisafiri hivyo. Siku ya pili wakawa Châtelet, kituo cha chini ya ardhi chenye laini tano za metro na treni nyingine za RER ziendazo vitongojini, vichochoro vyake utadhani mji mwingine umezikwa chini. Wakasubiri laini ya 1. Treni zake hazina dereva. Kengele ikilia mlango unafunga, hakuna wa kumpungia mkono. Shemeji akaingia, dada akazuiwa na watu wawili wenye masanduku. Wakabaki wanatazamana kwenye kioo, treni hiyoo.

Shemeji alishuka kituo kilichofuata, Louvre–Rivoli, akarudi. Angemkuta, ila dada naye alishaondoka kumtafuta. Huko vichochoroni akakutana na wakaguzi. Tiketi? Walikuwa na kadi moja ya usafiri, Navigo Easy, shemeji akiigonga kwenye mashine kisha dada anapita naye kwa kubanana mlangoni. Kadi hiyo ya plastiki haitumiwi na watu wawili katika safari moja. Kila mmoja lazima awe na yake, na bei yake ni euro chache tu. Kitambulisho? Kwa mume. Hoteli? "Ipo karibu na duka la mikate." Paris nzima ipo karibu na duka la mikate.

Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama, Tanga. Kijana mmoja akamwazima simu, mama akapigiwa, mama akampigia shemeji kwa WhatsApp, akamwelekeza mkwewe aende kwa wakaguzi, yeye akiwa jikoni kwake na hajawahi kuiona metro. Faini ililipwa palepale.

Kwa hiyo: pasipoti yako kwako. Kadi yako ya usafiri, simu yenye bando, euro kidogo, na karatasi yenye jina na anwani ya hoteli. Tena kubalianeni kabla hamjatoka nyumbani: mkiachana kwenye treni, aliyebaki asiondoke pale pale aliposimama, aliyekwenda ashuke kituo kinachofuata na kurudi. Na kadi hiyo ya usafiri kila mtu awe nayo hadi mtoke nje ya kituo.

Mengine ni ya kawaida. Pale kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana watakaokushika mkono wakufunge uzi, kisha wadai pesa. Weka mikono mfukoni na upite. Anayekuletea karatasi usaini, usisimame, mwenzake anaangalia mkoba wako. Simu usiiweke juu ya meza ya mgahawa. Viatu vipya viacheni, mtatembea sana. Mgahawani ombeni jagi la maji ya bomba, ni bure. Namba ya dharura ni 112. Na mkiingia dukani semeni bonjour kabla ya kuuliza bei, maana ukianza na swali moja kwa moja muuzaji atakununia hadi utoke.