"Unstressed": mtu aliyetulia, au silabi isiyo na mkazo?

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Bagamoyo, anayetembeza wageni kwenye magofu ya Kaole, alinijia na swali. "Shikamoo mwalimu. Mgeni kaniuliza hali, nikamjibu 'I am unstressed', akabaki kunitazama. Nimekosea?"

Hakukosea kikamusi. Neno hilo laweza kumaanisha mtu asiye na msongo wa mawazo, ila Waingereza wenyewe hawalitumii sana hivyo. Mtu aliyetulia husema "relaxed" au "calm". Safari isiyo na bughudha huitwa "stress-free". Na chunga hapa: "stressed" ni mtu aliyeelemewa, "stressful" ni kile kinachomwelemea. Ukisema "I am stressful", umejigeuza mzigo badala ya mpagazi.

Utakapokutana na "unstressed" mara nyingi ni kwenye masomo ya matamshi: silabi isiyo na mkazo. Hapo ndipo nataka ukae, maana ndipo wengi wetu tunaposhindwa kueleweka.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, na ukiongeza kiambishi mkazo unasogea, ba-ha-RI-ni. Wachache huasi, kama ba-RA-ba-ra ya "sawasawa", tofauti na ba-ra-BA-ra ya kupita magari. Lakini hata silabi isiyo na mkazo tunaitamka kamili, irabu yake wazi. Kiingereza huimeza. Chukua "banana": "a" ya katikati ndiyo ndefu, ya kwanza na ya mwisho ni sauti hafifu, mdomo umefunguka kidogo tu, ulimi umelala katikati. Kamusi huiandika kwa "e" iliyopinduliwa, na huweka kistari kidogo cha wima kabla ya silabi yenye mkazo. Kitafute kistari hicho kwanza, kabla hujafungua mdomo.

Kisha tumia meza. Piga kofi kwenye silabi yenye mkazo, nyingine ziguse kwa ncha ya kidole. "Photograph": kofi mwanzoni. "Photographer": kofi linahamia silabi ya pili, na ile "pho" iliyokuwa na nguvu sasa inafifia. Kijana wangu alikuwa anapiga makofi manne yaliyolingana. Nilimshika mkono, tukarudia taratibu mpaka kidole kikazoea kugusa tu.

Neno lenyewe sasa. Kofi liko kwenye "stressed". "Un" haina mkazo, lakini haimezwi kama "a" za "banana". Inabaki na "a" yake fupi. Mwisho wake ni "t", bila irabu yoyote: "strest", pumzi moja. Si "anstresedi". Hiyo "i" ya mwisho ilituchukua jioni nzima kuiondoa.