Somo: Kumuuguza mzazi nyumbani baada ya kubadilishiwa nyonga

Maswali ya wanaouguza wazee waliotoka kubadilishiwa nyonga yamekuwa yaleyale kila mara, kwa hiyo nimeyakusanya majibu hapa. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali, muulize daktari wa mifupa amepasua kupitia upande gani, kwa sababu masharti hutegemea hilo. Aliyepasuliwa kwa nyuma kwa kawaida hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kupishanisha miguu, na kugeuza vidole vya mguu kuelekea ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele huonywa zaidi asiupeleke mguu nyuma huku akiugeuza nje. Hatua zifuatazo ni za yule wa nyuma, na pale maelekezo ya daktari wako yanapotofautiana na yangu, fuata ya daktari.

Hatua ya 1. Ondoa mazulia na nyaya njiani, na weka taa kati ya kitanda na choo.

Hatua ya 2. Dawa ya kuzuia damu kuganda imalizwe kama ilivyoandikwa, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Hatua ya 3. Kuketi na kuinuka. Hapa ndipo wauguzaji wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema, kwa kumkalisha mzee kwenye kochi laini ili apumzike. Kochi humzamisha, magoti yakapanda juu ya nyonga, na akitaka kuinuka hulazimika kuinama mbele, yaani mkunjo uleule aliokatazwa. Tafuta kiti kigumu chenye mikono, kirefu kiasi kwamba magoti yake yawe chini kuliko nyonga; choo nacho kiongezwe kimo. Arudi kinyumenyume mpaka ahisi ukingo wa kiti nyuma ya miguu, autangulize mbele mguu uliopasuliwa, ashike mikono ya kiti (asishike kitembezi, yaani fremu anayotembelea, maana kitapinduka), kisha ajishushe polepole. Kuinuka ni vivyo hivyo kwa mpangilio wa kinyume: ajisogeze ukingoni, mguu uliopasuliwa ukiwa mbele, ajisukume kwa mikono.

Zingatia pia mambo haya mawili. Usimvute kwa mikono wala kumnyanyua kwa makwapa. Na usimwite ukiwa nyuma yake, kwa sababu atageuza kiwiliwili huku wayo umebaki chini, na mzunguko huo huigeuza nyonga ndani. Zunguka, umsemeshe ukiwa mbele yake. Akipata maumivu makali ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka, na akashindwa kuukanyagia, kiungo huenda kimechomoka. Usimsimamishe na usijaribu kukirudisha, bali omba msaada wa dharura.

Hatua ya 4. Alale chali, mto ukiwa katikati ya mapaja.

Hatua ya 5. Kitembezi kitangulie, ufuate mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Kwenye ngazi, kupanda huanza na mguu mzima, na kushuka huanza na uliopasuliwa.

Hatua ya 6. Kidonda kikizidi kuwa chekundu, kikitoa usaha, au homa ikifika nyuzi 38, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Kigimbi kikivimba na kuuma, hali kadhalika. Akibanwa na pumzi au kifua kikimuuma ghafla, hiyo ni dharura.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Samahani, sijasoma yote. Naweza kumweka bibi kwenye kochi?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 3.

Swali: Baba yangu alikalia kochi tangu siku ya kwanza na hakupata shida. Unawatisha watu bure.
Jibu: Nashukuru kwamba baba yu salama. Kiungo hakichomoki kwa kila anayevunja sharti, lakini anayechomokewa hurudishwa hospitali kwa maumivu makubwa, na pengine hupasuliwa tena. Onyo langu naliacha lilivyo.

Swali: Naomba kuelewa: kiungo ni cha chuma, kwa nini kichomoke kirahisi?
Jibu: Swali zuri sana. Chuma hakina tatizo. Kinachokishikilia ndicho bado dhaifu. Kiungo kipya ni tufe lililokaa ndani ya kikombe, na kinachozuia tufe lisitoke ni misuli pamoja na utando mgumu unaozunguka nyonga. Daktari akipitia nyuma hukata sehemu ya utando huo na misuli midogo, kisha huishona, na mishono hiyo huhitaji wiki kadhaa kushika. Nyonga ikikunjwa sana na kugeuzwa ndani, shingo ya chuma hugonga ukingo wa kikombe na kulisukuma tufe nyuma, mahali palepale penye mshono. Ndiyo sababu masharti hudumu kwa kawaida wiki 6 hadi 12, na ni daktari pekee anayeyaondoa.

Swali: Kigimbi cha mama kimevimba. Nikichue kwa mafuta?
Jibu: Usikichue hata kidogo. Kama kuna damu iliyoganda, kuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Mpeleke leo akapimwe.

Swali: Babu hujiinamia kuvaa suruali, na hataki kusaidiwa.
Jibu: Mwachie heshima yake. Mpe kishikio kirefu cha kuvutia nguo, aketi kwenye kile kiti kirefu, aanze kuvaa mguu uliopasuliwa na wakati wa kuvua aumalizie huo. Viatu viwe vya kutumbukiza, vyenye kisigino kilichofunikwa.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama: Sisi tulifunga mfuko wa kitambaa mbele ya kitembezi, bibi akaacha kubeba simu mkononi.
Jibu: Ahsante, nimelipenda hilo. Mfuko uwe mwepesi tu, usije ukakivuta kitembezi mbele.

Swali: Akihamia mkongojo, aushike mkono gani?
Jibu: Mkono wa upande wa mguu mzima, na mkongojo uende mbele pamoja na mguu uliopasuliwa. Ukishikwa hivyo, misuli ya nyonga mpya hupunguziwa kazi ya kuubeba mwili.