Kushuka Yr Wyddfa kwenye ukungu: pima muda kutoka jiweni

Ukipanda Yr Wyddfa au Snowdon (mita 1,085), mlima mrefu kuliko yote Wales, kwa njia ya Pyg, simama Bwlch Glas, pito lililo karibu na kilele, penye jiwe refu lililosimikwa. Tazama saa, hesabu dakika hadi kileleni. Wakati wa kushuka, anza kulitafuta mapema kidogo kabla muda huo haujatimia, maana kushuka ni haraka. Hapo unakata kulia. Ukilipita ukafuata reli ya treni ya mlimani utatokea kijiji cha Llanberis, mbali kabisa na gari uliloliacha Pen-y-Pass, mwanzo wa njia ya Pyg. Saa ya mkononi haihitaji mtandao. Ila kukiwa na theluji ngumu, kuliona jiwe hakutoshi: mteremko ule huua watu. Bila shoka la barafu na meno ya chuma viatuni, tafadhali usipande.