Kona ya chai na ndege nyuma ya nyumba, venye mimi hufanya hapa Nakuru

Wengi wakitaka ndege kwa boma wanakimbilia kununua mtama wanamwaga chini, na kabla mwezi uishe wako na panya wengi kuliko ndege. Mimi nasema anza na maji. Januari mpaka Machi hapa Nakuru vumbi ni la kufa mtu, vidimbwi vimekauka, na ndege pia anataka kunywa na kuoga ndio atoe vumbi kwa manyoya. Ukimpa hiyo atakuja bila kuitwa.

Hatua ya 1, chombo. Tafuta ile sahani ya udongo inawekwanga chini ya chungu cha maua, wauza miche kando ya barabara wako nazo, ama chukua sinia kuukuu. Maji yasizidi sentimita 5 katikati, na pembeni iwe kama 2 hivi. Karai la kufulia usiweke, hilo kwa ndege mdogo ni kisima. Kama chini panateleza mwaga kokoto, halafu weka jiwe moja bapa litokeze juu ya maji, hapo ndio atatua kwanza aangalie mazingira.

Hatua ya 2, mahali. Hapa ndio watu hukosea sana. Fensi nyingi za huku ni kayaba, na paka wa jirani anajua kujificha chini yake kuliko unavyodhani, kwa hivyo sahani ikae mita 2 ama 3 kutoka fensi, juu ya mawe ama kipande cha gogo, lakini kuwe na tawi karibu, kwa sababu ndege akilowa haruki vizuri, anataka mahali pa kujikausha na kujichana. Halafu keti pale utakuwa ukinywa chai uone kama unaiona sahani vizuri. Kama huioni, songesha sahani, usisongeshe kiti.

Hatua ya 3, usafi. Badilisha maji kila siku mbili hata kama yanaonekana masafi, kwa sababu kukiwa na joto yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi, na hakuna mtu alikuambia ufuge mbu. Sugua na brashi na maji ya moto. Sabuni wacha, inaharibu mafuta ya manyoya.

Hatua ya 4, maua. Kama uko na nafasi ya mmea mmoja tu, panda alovera za kienyeji, zile zinatoa ua refu la rangi ya chungwa ama nyekundu. Usiende kung'oa porini, omba jirani chipukizi. Udongo wetu wa volkano unapitisha maji haraka na alovera inapenda hivyo, mwagilia kidogo tu mpaka ishike. Ikichanua utaona chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, dume anang'aa kijani ama zambarau kulingana na aina, anaingiza mdomo ndani ya ua kunyonya utamu. Lakini chozi hawaishi kwa utamu peke yake, wanakula buibui na wadudu na ndio wanalisha vifaranga, kwa hivyo ukipuliza dawa ya wadudu kila wikendi usiniulize mbona hawaji. Shore naye atakuja kwa kipapai kilichoiva zaidi, kiache tu juu ya gogo. Kwera atakuchana majani ya mgomba ajengee kiota, msamehe.

Hatua ya 5, chai yenyewe. Panda mchaichai karibu na bomba, kachipukizi kamoja kanakuwa kichaka. Kwa vikombe viwili vya maji kata majani manne, ponda ile sehemu nyeupe ya chini, funga fundo utie kwa sufuria. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, maji yanachemka yakifika kama digrii 94 tu badala ya 100, kwa hivyo acha mchaichai uchemke dakika saba, nane hivi, usiharakishe. Majani ya chai yatie mwisho, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu majani yetu mengi ni vipunje vidogo yanatoa rangi mara moja, ukiyachemsha sana yanakuwa machungu. Dakika mbili, epua, chuja. Mimi hii naipenda turungi, maziwa yanaficha ile harufu, lakini mzee wangu hawezi kuguza chai bila maziwa kwa hivyo yake natia kikombe cha maziwa nangoja ipande mara moja.

Keti kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, ama kuanzia saa kumi jioni. Adhuhuri utaona sahani tupu, jua likichoma wanajificha. Siku za kwanza wanaweza kukosa kuja kabisa, usihamishehamishe chombo, wanaangalia.

Makapi ya turungi mwaga kwa shina la mchaichai. Yale ya maziwa na sukari usimwage hapo, utaalika sisimizi mpaka jikoni.