Kabla ya Kumwandikisha Kijana Shule ya Udereva Texas

Mzazi anayeishi Houston, Dallas au Fort Worth, ambaye kijana wake anakaribia umri wa miaka 15, kwa kawaida huanza kwa kuulizia ada ya shule ya udereva. Kuulizia ada ni haki yake, ila kuna jambo linalopaswa kutangulia, nalo ni kufahamu kwamba katika jimbo la Texas shughuli hii imegawanywa kati ya idara mbili zenye kazi tofauti. Shule, walimu na mitaala ya udereva husimamiwa na Texas Department of Licensing and Regulation, maarufu kama TDLR, ambayo ilikabidhiwa jukumu hilo mwaka 2015 kutoka idara ya elimu ya jimbo. Leseni yenyewe hutolewa na Department of Public Safety, yaani DPS. Asiyeujua mgawanyo huu hupeleka malalamiko dhidi ya shule kwenye dirisha la DPS, au hudhani kuwa cheti cha shule ndicho leseni, na kote huko hupoteza siku za kazi. Tena kila jimbo la Marekani lina kanuni zake, kwa hiyo maelezo ya jamaa aliyeko Ohio au Minnesota hayafai kutegemewa hapa hata kama ni ya kweli huko aliko.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba shule ina leseni hai ya TDLR. Tovuti ya idara hiyo ina sehemu ya kutafuta leseni, na mzazi asiridhike na maneno ya kwenye simu wala bango la mlangoni kabla hajaiona shule hiyo humo. Baada ya hapo aangalie aina ya kozi anayouziwa, na hapa ndipo ninapoona familia zetu zikiumia zaidi. Zipo kozi tatu zinazotangazwa kwa maneno yanayokaribiana: kozi ya vijana wa chini ya miaka 18, kozi ya saa 6 ya watu wazima, na kozi ya usalama barabarani ambayo dereva mwenye leseni tayari huisoma ili afutiwe kosa aliloandikiwa na trafiki. Hiyo ya tatu haimpi kijana sifa yoyote ya kupata leseni, na ya pili haimhusu mwenye miaka 16, lakini kwa kuwa zote mbili ni fupi na nafuu, anayetafuta bei ya chini mtandaoni huangukia humo kirahisi. Dawa yake ni kuuliza kwa maandishi, kabla ya kulipa, ni cheti gani kitakachotolewa mwisho wa kozi. Kwa kijana, jibu linalotakiwa ni cheti namba DE-964. Kwa mtu mzima ni ADE-1317.

Kozi ya kijana ina saa 24 za nadharia na saa 44 za ndani ya gari. Hizo 44 zimegawanyika: saa 7 kijana anashika usukani mbele ya mwalimu, saa 7 anakaa ndani ya gari akitazama mwenzake anavyoendesha na kurekebishwa, na saa 30 ni mazoezi akiwa na mtu mzima mwenye leseni, na kati ya hizo 30 zisizopungua 10 ziwe za usiku. Nadharia inaweza kuanza akiwa na miaka 14, ingawa leseni ya mwanafunzi haitolewi kabla ya miaka 15. Mzazi aulize pia kama shule inatumia utaratibu wa kumaliza nadharia yote kwanza, au ule unaomruhusu kijana kufanya mtihani wa maandishi baada ya saa 6 za mwanzo, akapata leseni ya mwanafunzi huku masomo yakiendelea. Utaratibu wa pili unafaa pale ambapo muda ni mdogo, kwa sababu leseni ya mwanafunzi lazima ikae mkononi kwa angalau miezi 6 kabla kijana hajaruhusiwa kuendesha peke yake, na hesabu hiyo haianzi siku ya kulipa ada, inaanza siku ya kupewa leseni hiyo.

Saa 30 za nyumbani ndizo zinazodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa hakuna mwalimu anayezisimamia na fomu yake hujazwa na familia yenyewe. Nasisitiza kwamba fomu ile isijazwe usiku mmoja kwa kalamu moja. Mtu mzima anayekaa kiti cha mbele awe na umri wa miaka 21 au zaidi na awe na leseni yenye mwaka mmoja au zaidi wa uzoefu, na kila zoezi liandikwe tarehe na muda wake siku hiyohiyo. Kwa wazazi waliojifunzia udereva Tanzania, Kenya au Uganda, kuna tahadhari ya ziada. Kwetu gari hupita kushoto, Texas hupita kulia, na mzazi aliyezoea kwa miaka mingi anaweza kutoa amri iliyo kinyume pale hasa ambapo kijana hana nafasi ya kufikiri, kwa mfano anapokata kona ya kushoto na kutakiwa kuingia upande wa mbali wa barabara. Wenzetu waliotoka Kongo, Burundi au Rwanda hawana shida hiyo ya upande, lakini kama wengine wote wanahitaji kusoma upya kanuni za hapa: namna ya kupishana kwenye makutano yenye alama za kusimama pande zote nne, ruhusa ya kukata kulia kwenye taa nyekundu baada ya kusimama kabisa, na wajibu wa kusimama basi la shule linapowasha taa nyekundu zinazomweka. Ni vyema mzazi asome kitabu cha udereva cha DPS kabla ya saa ya kwanza ya mazoezi. Mtihani wa nadharia, ieleweke, hautolewi kwa Kiswahili, hivyo msamiati wa barabarani wa Kiingereza uanze kuzoeshwa nyumbani mapema.

Gari la shule nalo likaguliwe kwa macho. Lazima liwe na breki ya pili miguuni pa mwalimu, na mzazi anaweza kuomba kufunguliwa mlango wa abiria aione kabla ya kutia sahihi.

Mkataba ni wa maandishi, na usomwe wote. Sheria ya Texas inampa mwanafunzi haki ya kurudishiwa fedha zote akisitisha kabla ya saa 6 usiku ya siku ya tatu baada ya kutia sahihi, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za kisheria, isipokuwa kama kozi imekwisha kufanyika. Risiti na nakala ya mkataba zitunzwe, kwa maana malalamiko TDLR yasiyo na karatasi huwa mazito kuyathibitisha.

Mzazi anaweza pia kumfundisha mwanawe mwenyewe, njia inayokubalika kisheria Texas. Sharti lake kubwa ni kuagiza mwongozo rasmi wa TDLR, ambao ada yake ni dola 20, na kutumia kozi iliyoidhinishwa. Mafunzo yaliyotangulia mwongozo huo hayahesabiki. Binafsi naipendekeza njia hii kwa familia ambayo mzazi ana leseni safi ya miaka kadhaa na muda wa kutosha jioni. Aliye na zamu mbili za kazi atafute shule.

Kijana akishatimiza miaka 18, utaratibu hubadilika: mwenye miaka 18 hadi 24 anawajibika kusoma kozi ya saa 6 tu, na kuanzia miaka 25 kozi hiyo ni hiari.

Siku ya kwenda DPS, kijana wa chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi wa kisheria. Zitahitajika hati za uraia au za ukaazi halali, namba ya Social Security, uthibitisho wa makazi, cheti cha shule ya udereva, na fomu ya VOE ambayo shule ya sekondari hutoa kuthibitisha uandikishaji na mahudhurio. Fomu hiyo ina muda mfupi wa kutumika, basi isichukuliwe mapema mno. Majina yalinganishwe herufi kwa herufi. Mtoto aliyeandikwa Hassani kwenye hati za uhamiaji na Hassan kwenye DE-964 anaweza kurudishwa, na kupata miadi mingine ya DPS kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Kabla ya mtihani wa barabarani, atazame mafunzo ya video ya saa 2 yaitwayo Impact Texas Teen Drivers, ambayo cheti chake hudumu siku 90, na gari atakalofanyia mtihani liwe na usajili na bima hai. Zipo shule zilizoruhusiwa na DPS kuendesha mtihani huo, na kuuliza kama shule yako ni mojawapo kunaweza kuokoa muda mrefu wa kusubiri.

Leseni anayopata akiwa na miaka 16 ina masharti: haruhusiwi kuendesha kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri isipokuwa kwa sababu zilizotajwa kisheria kama kazi, shughuli ya shule au dharura, habebi zaidi ya abiria mmoja wa chini ya miaka 21 asiye wa familia, na hatumii simu akiwa kwenye usukani. Kampuni ya bima nayo itaarifiwe mapema, kwa kuwa kijana anayeendesha gari la nyumbani anapaswa kutajwa kwenye mkataba wa bima, na nakala ya DE-964 ihifadhiwe, maana baadhi ya kampuni hupunguza malipo kwa kijana aliyehitimu mafunzo.